Kumpiga jirani kabla hajakupiga: Kisangani inajua nini



Kila mwaka inapofika tarehe 5 Juni, sisi wa Kisangani tunakumbuka vita vya siku sita. Na kila mwaka vijana waliozaliwa baada ya mwaka 2000 wanatuuliza swali lilelile: Rwanda na Uganda walitafuta nini hapa, hata wakapigana wao kwa wao katika mji usio wa yeyote kati yao? Jibu la haraka ambalo wengi tunalitoa ni almasi. Si uongo, lakini ni nusu ya jibu. Majeshi yale hayakuvuka mpaka yakitangaza kwamba yanafuata almasi. Yalisema yanakuja kuwahi, yaani kumfuata adui huku Congo kabla adui hajawafikia nyumbani kwao.

Hoja hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza leo, kwa sababu haijafa. Inasikika Kigali na Kampala, inasikika katika miji mikuu ya mataifa makubwa, na siku hizi inasikika Kinshasa pia. Wakati mwingine tunaisikia hata katika maombi ya Jumapili.

Mambo mawili yanayochanganywa

Lugha yetu ina methali inayoipa hoja hii nguvu: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwanasiasa anayetaka kuvuka mpaka na jeshi hahitaji kueleza zaidi ya hapo. Atasema kule kwa jirani kuna ufa, tuuzibe leo, kesho itakuwa ghali. Lakini tuisikilize methali vizuri. Inasema juu ya ufa wa nyumba yako mwenyewe. Haikupi ruhusa ya kubomoa ukuta wa jirani kwa kuwa unashuku utakuangukia.

Wanasheria wa mataifa wanatenga mambo mawili ambayo katika hotuba huchanganywa kwa makusudi. La kwanza ni kuwahi shambulio ambalo tayari liko njiani: adui ameshainua panga, mkono uko juu, nawe unampiga kabla haujashuka. La pili ni kuzuia hatari ya baadaye: jirani hajainua kitu, lakini anapata nguvu, au anawafuga watu wanaokuchukia, nawe unaamua kumpiga leo ukiwa bado una uwezo. La kwanza linabishaniwa, ingawa wengi wanalikubali kwa masharti makali. La pili halina msingi katika Hati ya Umoja wa Mataifa. Kifungu cha 51 cha Hati hiyo ya mwaka 1945 kinaruhusu taifa kujilinda pale linaposhambuliwa kwa silaha. Hakisemi lolote juu ya taifa kujilinda dhidi ya wasiwasi wake.

Masharti ya lile la kwanza yana historia. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1837, askari wa Uingereza waliokuwa Canada walivuka mto Niagara, wakaiteka meli iliyoitwa Caroline upande wa Marekani, wakaichoma na kuiachia maji. Meli hiyo ilikuwa ikiwapelekea waasi wa Canada watu na mahitaji. Marekani ililalamika. Waziri wake wa mambo ya nje, Daniel Webster, aliwajibu Waingereza kwamba anayedai kujilinda kwa namna hiyo lazima aonyeshe kuwa hatari ilikuwa ya papo hapo, nzito kupita kiasi, isiyoacha njia nyingine wala nafasi ya kufikiri, na kwamba hakutenda kupita kipimo cha hatari yenyewe. Mpaka leo wanasheria wanatumia kipimo hicho.

Ajabu ni kwamba Musa alikuwa ametoa kipimo kinachofanana nacho zamani sana. Someni Kutoka 22:2-3. Mwenye nyumba akimkuta mwizi anavunja ukuta usiku, akampiga akafa, hana hatia ya damu. Jua likiwa limechomoza, ana hatia. Mwizi ni yuleyule na kosa ni lilelile. Tofauti ni kwamba usiku huoni ameshika nini, wala huna wa kumwita. Mchana unaona, na majirani wapo. Torati haikumwambia mwenye nyumba kwamba hofu yake ni dhambi. Ilimwambia kwamba hofu hiyo haimpi ruhusa ya kuua wakati njia nyingine ipo. Hugo Grotius, Mprotestanti wa Uholanzi aliyeandika juu ya sheria ya vita mwaka 1625, alikataa waziwazi kwamba kukua kwa nguvu ya jirani ni sababu ya haki ya kumshambulia. Katika maisha haya, alieleza, hakuna usalama kamili, na kinga dhidi ya hofu isiyo hakika inapaswa kutafutwa kwa Mungu na kwa tahadhari isiyodhuru mtu.

Mataifa hayajakifuata kipimo hicho kila mara. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1967 Israeli iliziharibu ndege za kivita za Misri zikiwa chini, na vita vikaisha tarehe 10 Juni. Ndiyo, siku zilezile ambazo sisi tuliishi miaka 33 baadaye, na jina lilelile la vita vya siku sita. Misri ilikuwa imejaza jeshi Sinai, imewaondoa askari wa Umoja wa Mataifa na kufunga mlango wa bahari wa Tiran, kwa hiyo mpaka leo wapo wanaosema mkono ulikuwa umeshainuliwa na wapo wanaokataa. Mwaka 1981 Israeli hiyohiyo ilipopiga kinu cha nyuklia cha Iraki, Baraza la Usalama lililaani shambulio lile kwa azimio namba 487. Na mwaka 2003 Marekani na Uingereza ziliingia Iraki kwa sababu ya silaha za maangamizi ambazo, baada ya msako mrefu, hazikupatikana.

Turudi kwetu.

Hofu ilikuwa ya kweli

Hapa tunawaomba wasomaji wetu wa Congo subira, kwa maana kuna jambo ambalo si tamu kulisikia. Hofu ya majirani zetu haikuwa ya kubuni.

Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 nchini Rwanda, watu zaidi ya milioni moja walivuka kuingia Kivu. Wengi walikuwa raia, wanawake na watoto. Lakini kati yao walikuwemo askari wa jeshi lililoshindwa na Interahamwe, wakiwa na silaha, na kambi zilikuwa karibu kabisa na mpaka. Kutoka humo walivuka usiku kwenda kuua Rwanda. Serikali ya Zaire haikuwanyang'anya silaha, wala jumuiya ya kimataifa haikuwatenga na raia. Mwaka 1996 Rwanda ikavuka. Mwezi Julai 1997 Paul Kagame, aliyekuwa makamu wa rais, alilieleza gazeti la Washington Post kwamba ni Rwanda iliyoipanga na kuiongoza vita ile, na kwamba ilikuwa imeonya kuwa wengine wasipotenda, yenyewe itatenda.

Uganda nayo ilikuwa na makaburi yake. Tarehe 8 Juni 1998 waasi wa ADF walishambulia chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakawachoma moto wanafunzi wapatao 80 katika mabweni yao. Waasi hao walikuwa na maficho upande wetu wa milima ya Ruwenzori. Sisi ambao leo tunawazika watu wa Beni na Ituri waliouawa na ADF haohao hatuwezi kusema Uganda iliota ndoto.

Kwa hiyo swali halikuwa kama hatari ipo. Swali lilikuwa hatari hiyo inaruhusu nini, na kwa umbali gani.

Jibu la mwaka 1997 lilifika mpaka mlangoni petu. Kisangani ilitekwa katikati ya Machi 1997. Wakimbizi waliokuwa wamekimbia kwa miguu kutoka Kivu walikuwa wamekusanyika kusini ya mji, kwenye njia ya reli ya Ubundu, katika kambi za Kasese na Biaro. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 inaeleza jinsi walivyouawa huko mwezi Aprili. Rwanda inaikataa ripoti hiyo. Wazee wa Lubunga hawahitaji kuisoma. Vita vilivyoanza kwa kusudi la kuondoa bunduki mpakani vilikuwa vimefika kilomita 500 kutoka mpaka huo, vikiwaangukia watu waliokuwa hawana nguvu hata ya kusimama.

Mahakama iliona nini

Tarehe 23 Juni 1999 nchi yetu ilizishtaki Uganda, Rwanda na Burundi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mjini La Haye, Uholanzi. Kesi ya Uganda ndiyo iliyofika mwisho, na hukumu ilitolewa tarehe 19 Desemba 2005. Tungependa kila mchungaji wa Tshopo aijue, kwa maana ni moja ya hukumu chache duniani ambamo hoja hii ya kuzuia hatari ilipimwa na majaji kwa damu ya mahali halisi.

Mbele ya majaji Uganda haikusema kwamba iliwahi shambulio linalokuja. Ilisema inajibu mashambulio yaliyokwisha kutokea. Lakini kulikuwa na karatasi moja. Tarehe 11 Septemba 1998 wakuu wa jeshi la Uganda walikuwa wameandika sababu za kubaki Congo: kuinyima Sudan nafasi ya kuitumia ardhi ya Congo dhidi yao, kuwamaliza waasi wa Uganda, kuhakikisha pengo la utawala mashariki ya Congo haliwaletei madhara, kuwazuia Interahamwe na wenzao, na kuwa tayari kuulinda mpaka wao dhidi ya vitisho vya uvamizi. Majaji waliisoma, wakaona kwamba mahitaji ya usalama yaliyoorodheshwa humo kwa sehemu kubwa ni ya kuzuia yajayo. Hakuna mahali palipotajwa shambulio la silaha lililofanywa na Congo.

Basi Mahakama ikaeleza kwamba kifungu cha 51 hakiruhusu taifa kutumia nguvu ili kulinda maslahi ya usalama kama lenyewe linavyoyaona. Njia nyingine zipo, likiwemo Baraza la Usalama. Ikaongeza neno ambalo sisi wa hapa tunalielewa kwa miguu yetu: kuteka viwanja vya ndege na miji iliyoko mamia ya kilomita kutoka mpaka wa Uganda hakuonekani kulingana na mashambulio ya kuvuka mpaka yaliyodaiwa kuwa sababu. Majaji 16 kati ya 17 waliona Uganda imevunja katazo la kutumia nguvu.

Hukumu hiyohiyo iliikuta na Congo na kosa. Askari wetu walikuwa wameushambulia ubalozi wa Uganda mjini Kinshasa mwaka 1998 na kuwatesa wanadiplomasia. Sehemu hii haisomwi sana katika sherehe zetu.

Na Rwanda? Congo iliiondoa kesi ya kwanza mwaka 2001, ikafungua nyingine mwaka 2002, na mwezi Februari 2006 Mahakama ikasema haina mamlaka ya kuisikiliza. Tusieleze vibaya jambo hili kwa waamini wetu. Majaji hawakusema Rwanda ina haki wala haina haki. Walisema mlango huo umefungwa kwao.

Siku sita

Sasa tunaweza kuwajibu vijana.

Vita vya pili vilianza Agosti 1998, na mwezi huohuo mji wetu ulitekwa. Rwanda na Uganda zilikuwa upande mmoja. Wakuu wao walikuwa ndugu wa silaha: Kagame mwenyewe alipigana katika jeshi la Museveni. Kila mmoja alisema analinda mpaka wake. Lakini ulinzi wa namna hiyo hauna mahali pa kuishia. Ukishalinda mpaka kwa kuteka Beni au Goma, itabidi uilinde Beni, uilinde Goma. Ili kuzilinda utahitaji uwanja wa ndege wa Kisangani. Ili kukilinda kiwanja utahitaji mji, na ili kuushika mji utahitaji Wacongo wa kuutawala kwa jina lako, na fedha ya kuwalipa. Hapo ndipo almasi inapoingia. Kundi la waasi wa RCD likagawanyika, moja la Kigali na moja la Kampala. Kufikia hapo adui aliyeandikwa kwenye karatasi alikuwa amesahauliwa. Hakuna Interahamwe aliyekuwa akiivizia Kigali kutoka soko kuu la Kisangani, wala ADF hawakuwa kwenye daraja la Tshopo. Aliyebaki wa kuogopwa alikuwa mwenzako wa jana, aliyelala upande wa pili wa mji na bunduki kama zako. Naye, bila shaka, lazima umwahi.

Walipigana mara ya kwanza Agosti 1999, mara ya pili Mei 2000. Mara ya tatu ilianza Jumatatu tarehe 5 Juni 2000. Waganda walikuwa kaskazini ya mto Tshopo, Wanyarwanda ndani ya mji, na daraja katikati. Kwa siku sita mabomu yalipita juu ya nyumba zetu, na mengi hayakupita. Wengi wetu tunaoandika hapa tulikuwa vijana. Watu walilala chini ya vitanda, wakachota maji ya mvua, wakawazika marehemu uani kwa sababu barabara ya makaburi haikupitika. Wengine walikimbilia msituni.

Ujumbe wa mashirika ya Umoja wa Mataifa uliokuja baadaye ulikadiria raia zaidi ya 760 waliouawa na wapatao 1,700 waliojeruhiwa, nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibiwa, shule 69 zilizopigwa, na watu 65,000 waliokimbia. Kanisa kuu la Wakatoliki lilipigwa, na nyumba za wagonjwa pia. Wenyeji wengi wanaamini waliokufa wanazidi elfu moja. Tarehe 16 Juni Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304, likataka majeshi hayo yaondoke, na likasema Uganda na Rwanda zinapaswa kulipa fidia kwa Kisangani.

Tunaambiwa mara nyingi kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia. Tumeichoka kidogo methali hiyo. Nyasi hazina jina. Tena inafanya jambo lionekane kama tabia ya wanyama, kama vile hapakuwa na watu waliokaa mezani, wakaandika sababu, wakatia sahihi.

Upande mwingine wa meza

Kama jambo hili lingekuwa la majirani peke yao, tungeweza kuishia hapo. Haliko hivyo.

Desemba 2023, siku chache kabla ya uchaguzi, rais wetu alisema katika mkutano wa hadhara Kinshasa kwamba uchokozi ukiendelea ataliomba bunge ruhusa ya kutangaza vita dhidi ya Rwanda, na kwamba Kigali inaweza kupigwa. Watu walishangilia sana. Tunawaelewa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka 2024 kwamba askari 3,000 hadi 4,000 wa Rwanda walikuwa katika ardhi yetu pamoja na M23. Mwaka 2025 Goma ilianguka mwezi Januari, Bukavu mwezi Februari, na azimio namba 2773 likaitaka Rwanda iondoe majeshi yake. Nchi iliyovamiwa ina haki ya kujilinda, na askari wetu walioko mstari wa mbele tunawaombea bila aibu. Lakini kumfukuza aliyeingia nyumbani ni jambo moja. Kuupiga mji ulio na watu zaidi ya milioni moja kwa kuwa yatakayotoka humo kesho yanatutisha ni jambo jingine, na ni lile lile tulilolishtakia La Haye. Hatuwezi kuwa na Torati mbili, moja ya kuwahukumu na moja ya kutuhukumu.

Rwanda kwa upande wake inaita mambo yake mashariki ya Congo hatua za kujilinda, kwa sababu ya FDLR. Neno hilo limeingia hata katika makubaliano ya Washington ya tarehe 27 Juni 2025: Congo iwamalize FDLR, Rwanda iondoe hatua zake. Ni kweli FDLR wapo, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika zaidi ya mara moja kwamba jeshi letu limeshirikiana nao. Huo ni ufa wa nyumba yetu. Kuuziba ni kazi yetu, na ingefaa tuifanye hata kama Rwanda isingekuwepo duniani.

Upo mfano wa karibu unaoonyesha kwamba njia nyingine si ndoto. Tangu tarehe 30 Novemba 2021 jeshi la Uganda limeingia tena Congo kuwafuata ADF, kwa jina la Operesheni Shujaa, safari hii kwa makubaliano na serikali yetu na bega kwa bega na askari wetu. Tuna maswali mengi juu ya operesheni hiyo, na raia bado wanauawa. Hata hivyo jeshi, adui na mpaka ni vilevile vya mwaka 1998, na tofauti ni mwaliko. Aliyealikwa anaweza kuambiwa ondoka.

Kuna sura moja ya Biblia ambayo haihubiriwi sana: Yoshua 22. Makabila ya Rubeni, Gadi na nusu ya Manase yamerudi ng'ambo ya Yordani, nayo yamejenga madhabahu kubwa kando ya mto. Habari inawafikia ndugu zao upande wa pili. Wanakumbuka dhambi ya Peori na ya Akani, jinsi kosa la wachache lilivyoleta tauni na kifo juu ya wote. Hofu yao ina ushahidi na ina historia. Wanakusanyika Shilo, tayari kwa vita. Lakini kabla ya jeshi kuvuka, wanamtuma Finehasi kuhani pamoja na wakuu kumi, mmoja wa kila kabila, wakaulize. Wanauliza kwa ukali, hawabembelezi. Wanatoa hata ahadi: kama nchi yenu ni najisi, njoni mkae kwetu, tutagawana. Ndipo wanajibiwa kwamba madhabahu ile si ya dhabihu. Wa ng'ambo nao walikuwa na hofu yao: kwamba siku moja watoto wa upande huu wangewaambia watoto wao hawana sehemu katika Bwana. Kila upande ulikuwa umejenga juu ya hofu ambayo mwingine hakuijua. Vita havikupiganwa.

Angalieni kwamba Finehasi si mtu laini. Katika Hesabu 25 ndiye aliyeshika mkuki. Walimtuma mtu ambaye hakuna angemshuku kuwa mwoga.

Februari 2025, Goma ikiwa imeshaanguka, maaskofu wa CENCO na viongozi wa Kanisa la Kristo nchini Congo walikwenda Goma kuonana na wakuu wa AFC na M23, kisha Kigali kuonana na Rais Kagame. Baadhi ya watu, na baadhi yao ni waamini wetu, waliwaita wasaliti. Sisi tunaona walifanya kazi ya Finehasi. Walichelewa, ndiyo, mto ulikuwa umeshavukwa. Lakini kuuliza kwa sauti kali mbele ya uso wa mtu si usaliti.

Na mto si lazima uwe mpaka wa nchi. Katika mgogoro wa ardhi wa Wambole na Walengola ulioanza mwaka 2023 huko Lubunga, hoja ilikuwa hiyohiyo kwa pande zote mbili: tuwawahi, la sivyo watatuwahi. Vijana waliochoma nyumba hawakuwa wamesoma sheria za mataifa. Farao naye hakusoma. Katika Kutoka 1:10 anawaambia watu wake kwamba Waisraeli wakizidi kuongezeka, siku ya vita watajiunga na adui. Hakuna aliyekuwa amefanya kosa. Palikuwa na hesabu ya kesho tu, na kutoka hesabu hiyo yakatoka matofali, kisha watoto mtoni. Mwaka 1998, mjini Kinshasa na hapa Kisangani, watu waliwindwa na kuuawa kwa kuwa sura zao zilifanana na za adui. Wanaozungumza Kinyarwanda katika makanisa yetu leo wanaisoma sura hiyo kwa namna tofauti na sisi.

Kuhusu fidia

Wengi mnatuandikia juu ya malipo, basi tueleze yanayojulikana. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya La Haye iliiamuru Uganda kulipa dola za Marekani milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa maliasili. Congo ilikuwa imeomba zaidi ya bilioni 11. Malipo yaligawanywa kwa miaka mitano, milioni 65 kila Septemba, kuanzia 2022 hadi 2026, na awamu ya kwanza ililipwa kwa wakati. Serikali iliunda mfuko unaoitwa FRIVAO ili kuwagawia wahanga, na makao yake makuu yako hapa Kisangani.

Pesa kufika Kinshasa na pesa kufika Mangobo ni safari mbili. Septemba 2025 Mahakama ya Kasasyon ilimhukumu waziri wa zamani wa sheria miaka 3 ya kazi ngumu kwa sababu ya dola zipatazo milioni 19 zilizotoka katika fedha hizo, zilizosemekana kuwa za kujenga gereza mjini kwetu. Kwa vita vya siku sita vilivyopiganwa na majeshi mawili, jeshi moja tu ndilo lililoamriwa kulipa, na hata hicho kilicholipwa wajane wengi bado hawajakiona.

Kwa hiyo tunawaomba wachungaji wa komine zote sita wafanye mambo mawili kabla ya Juni. Kwanza, wawasaidie wahanga kutunza ushahidi walio nao: cheti cha hospitali, picha ya nyumba, kadi ya ubatizo ya marehemu, jina la shahidi aliye hai. Mashahidi wanazeeka. Kitabu cha mazishi cha kanisa la mahali kwa mwaka 2000, kama bado kipo, kisiachwe kwenye kabati lenye mchwa. Kinakiliwe. Pili, katika ibada ya ukumbusho, majina yasomwe yote, hata kama itachukua saa nzima, na hata kama kwaya itabaki na wimbo mmoja.